Daftari la Sisimizi

Jumatatu moja muhula uliopita, mama wa mtoto mmoja wa darasa langu alinisubiri getini mpaka wazazi wenzake wote wakaondoka. Anauza nyanya na vitunguu soko la ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na saa ile ndiyo saa ya wateja wake, kwa hiyo nikajua lililomleta si dogo.

"Mwalimu, huyu binti ana nini? Nyumbani hatulii. Juzi nimemkuta juu ya kabati. Jana kavunja chupa ya chai. Hapa kwenu anatulia?"

Nikamwambia ukweli: hatulii hapa pia, na mimi humwambia "kaa chini" mara nyingi kuliko ninavyomwita jina lake. Mama akashusha pumzi. "Basi mmchape kidogo, Mwalimu. Mimi nimeshindwa."

Sikumchapa, wala sichapi. Lakini jibu langu mwenyewe lilinikereketa njia nzima mpaka nyumbani. Mtoto wa miaka 5 anashinda nami asubuhi yote, siku tano kwa wiki, na neno analolisikia zaidi kutoka kinywani mwangu ni "kaa".

Nafundisha nasari hapa Busia, mji wa mpakani, upande wa Uganda, mwaka wa 12 huu. Darasa langu ni Topu klasi, wale wanaoandaliwa kuingia darasa la kwanza. Kitinda mimba wangu, mwenye miaka 4, yuko Mido klasi, darasa lililo chini ya langu, shule hiyo hiyo. Nyumbani tunamwita Sisimizi kwa sababu tangu alipoanza kutambaa hajawahi kuonekana mahali pamoja mara mbili. Wiki ile nilikuwa na mwalimu mwanafunzi kutoka chuoni, amekuja kujifunza kufundisha, na Jumanne ilikuwa zamu yake kushika darasa peke yake. Nikamwomba mwenzangu wa Mido aniruhusu kukaa nyuma ya darasa lake. Nilichukua daftari la hesabu, lile la miraba, nikaamua nimwandike mwanangu siku nzima, tangu anapoamka hadi anapolala.

Kila mraba ulikuwa dakika 5. Niliweka herufi tatu tu. K ni kukaa. T ni kutembea, na humo nikatia kila mwendo mwepesi: kusimama akichezea kitu, kuinama kuokota, kuzunguka zunguka. H ni kuhema, yaani kukimbia, kuruka, kupanda, ule mwendo unaomfungua mtoto mdomo atafute hewa.

Aliamka saa kumi na mbili kasoro robo, kwa kuamshwa. Akavaa akiwa nusu usingizini, akanywa chai, na saa moja kasoro bodaboda ikapiga honi. Dereva wetu ni kijana mwangalifu, hukusanya watoto wanne wa mtaa wetu. Mdogo kuliko wote hukaa mbele juu ya tangi, watatu nyuma, mabegi yananing'inia kwenye usukani. Sisimizi ndiye wa mbele. Siku ile nilichukua boda nyingine nikawafuata, nikamwona amekaa wima mikono juu ya tangi, hageuki, maana ameambiwa akigeuka wataanguka wote. K, K, K, K.

Baba yangu alikuwa mtu wa baiskeli hapa mpakani. Wasiojua niwaambie: neno bodaboda limezaliwa katika miji yetu hii ya mpaka, tangu miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha watu na mizigo kutoka geti la nchi moja hadi geti la nchi nyingine, huku wakiita "boda! boda!" Baba alifunga sponji kwenye keria, akaivalisha kitambaa chekundu, na kiti kile kilikuwa cha wateja. Mimi mwanawe sikukipanda hata siku moja kwenda shule. Tulitembea, kundi zima la watoto, wakubwa wakiwashika wadogo, tukikimbizana na tairi mbovu mpaka karibu na shule, kisha tunaificha kichakani tuikute wakati wa kurudi. Nimewaza sana kwamba mji uliowapa watu boda ndio mji ambao watoto wake wa miaka 4 leo hawatembei hata hatua 200 kufika darasani. Na siwezi kumlaumu mzazi yeyote, kwa sababu mimi mwenyewe simwachii Sisimizi kutembea kando ya barabara ile kubwa. Malori yanayosubiri kuvuka hupanga mstari mrefu, pikipiki zinapenya kati ya lori na mtaro, na mtoto wa kimo kile dereva wa lori hamwoni.

Shuleni saa mbili waliimba wimbo wa taifa na dua, wamesimama mistari. Kisha darasani. Watoto 46, mabenchi ya watatu wanakaa watano. Mwenzangu ni mwalimu mzuri, anawapenda, anajua majina ya ndugu zao. Alifundisha kama tulivyofundishwa sote kufundisha. "Mikono juu! Mikono kifuani! Kidole mdomoni!" Wanaitikia kwa kasi ya ajabu, halafu kimya, halafu herufi ubaoni.

Nilimtazama mwanangu kwa muda ambao sijapata kumtazama mtu. Miguu yake haifiki sakafuni. Ikaanza kubembea chini ya benchi, mmoja mbele mmoja nyuma, kisha kisigino kikagonga ubao, tok, tok, tok. "Miguu!" akasema mwalimu. Miguu ikasimama. Baada ya muda kidole cha shahada kikaanza kupiga paja. Mwalimu akamtazama, kidole nacho kikasimama. Kisha nikaona shavu linatuna: ulimi ulikuwa unazunguka ndani ya mdomo, kulia, kushoto, kulia. Ule mwendo ulikuwa unahama mwilini mwake kutoka kiungo hadi kiungo, ukitafuta mlango wa kutokea. Huku mwalimu anaandika b kubwa na b ndogo. Nikaandika K. Nikaandika K nyingine. Machozi yalinilenga, nasema kweli.

Saa nne ni mapumziko. Kwenye ratiba yameandikwa dakika 30, na kwa miaka 12 nimeamini kwamba hizo ni dakika 30 za kucheza. Siku ile nikaziona zilivyo. Kwanza mstari wa kunawa mikono. Kisha mstari wa uji, kwa sababu vikombe havitoshi na wa nyuma wanasubiri wa mbele wamalize. Uji ni wa moto, mtoto anapuliza. Akishamaliza anakimbilia bembea, na hapo ndipo nilipata H yangu ya kwanza, mraba mmoja, akizunguka nyuma ya jiko na wenzake wawili kabla hawajafika. Bembea zetu ni mbili. Mbele yake walikuwa tisa. Akasimama mstarini akiwa ameshika mkia wa shati la mwenzake. Zamu yake ilipofika alipanda, akasukumwa mara tatu, kengele ikalia.

Eneo letu la kuchezea lilikuwa kubwa kuliko hivi. Nasari nchini Uganda ziko mikononi mwa watu binafsi, hata Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeliweka hivyo, kwa hiyo kila nasari inaishi kwa ada. Watoto wakiongezeka, vyumba vinaongezwa, na vyumba hujengwa pale palipo wazi. Palipo wazi ni uwanja. Wenye shule walijenga madarasa matatu mahali palipokuwa na mwembe na matairi yaliyozikwa nusu, wakamwaga saruji sehemu iliyobaki ili kusiwe na tope. Wazazi walifurahi kwa saruji ile. Mimi pia nilifurahi, wakati ule, kwa ajili ya soksi nyeupe.

Saa sita na nusu walipofungua nilihesabu. Miraba 54. Ya K ilikuwa 43, ya T 9, ya H 2.

Nyumbani alikula, akalala saa moja, kisha akafanya kazi ya nyumbani: ukurasa mzima wa b, kwenye meza, ulimi nje. Saa kumi na moja nikamfungulia mlango.

Nyuma ya kinu cha kusaga mahindi kuna uwanja mdogo wa vumbi, na jioni watoto wote wa mtaa huhamia pale. Sisi tunauita mchezo wao kwepena, walio na ndugu ng'ambo wanauita kati, na ugomvi wa jina haujaisha. Wawili wanasimama ncha mbili na mpira wa makavera, yaani mifuko ya plastiki, uliofungwa kwa nyuzi za mgomba, waliobaki wako katikati wanaukwepa. Sisimizi ni mdogo mno, hahesabiwi: akipigwa haondoki, anaendelea tu. Kwa hiyo anacheza raundi zote. Nilikaa juu ya gunia la pumba nikamwandika. Alikuwa akikimbia hatua kumi, anasimama ghafla, anacheka, anajitupa chini, anainuka, anakimbia tena. Mara moja alikuja mpaka kwangu, akaweka paji la uso lenye jasho kwenye goti langu, akahema mara nne au tano kama mbuzi aliyepandishwa mlima, akarudi mbio bila kusema neno. Miraba 18 mpaka giza: K 2, T 6, H 10.

Usiku alilala saa tatu, nikajumlisha kwa mwanga wa simu. Kwa siku nzima, T na H pamoja na vile vipande vya asubuhi na mchana, alipata dakika 160. Za kuhema zilikuwa 60 kamili, na 50 kati ya hizo zilitoka pale kinuni.

Kesho yake nikamwonyesha daftari yule mwalimu mwanafunzi. Binti yule alikuwa na vitu vya chuoni ndani ya simu yake, akanisomea mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji angalau dakika 180 za mwendo wa aina yoyote kila siku, zikitawanyika kutwa nzima, na kati ya hizo angalau 60 ziwe za nguvu. Asikalishwe mfululizo kwa muda mrefu, asifungwe mahali zaidi ya saa moja. Mbele ya skrini isizidi saa moja, na ikipungua ni bora. Usingizi saa 10 hadi 13, ukichanganya na wa mchana. Nikapiga hesabu ya usingizi wa Sisimizi: kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili kasoro robo, ongeza ile saa ya mchana, haifiki 10. Hapo sikuwa nimepima hata.

Akanisomea pia habari za Marekani. Russell Pate na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Carolina walituma watu kuwatazama kwa macho watoto wa miaka 3 hadi 5 ndani ya shule za awali, wakaandika kila muda mfupi mtoto anafanya nini, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo: zaidi ya asilimia 80 ya nyakati walizotazamwa, watoto walikuwa wametulia tu, na mwendo wa nguvu haukufika asilimia 3. Nikashika kalamu. Miraba yangu 43 kati ya 54 ni karibu asilimia 80. Nilitetemeka kidogo. Shule zile zina zulia, zina viti vya kimo cha mtoto, mwalimu wao hana watoto 46, na bado watoto wao na mtoto wangu walikuwa wamekaa sawasawa.

Najua daftari langu si chombo cha kitaalamu. Mtoto mdogo hakimbii dakika tano. Anakimbia sekunde chache, anapumzika, anakimbia tena, na mraba wa dakika 5 unayameza mengi. Ndiyo maana watafiti huwafunga watoto kiunoni kifaa kidogo, akselerometa, kinachohesabu mtikisiko wa mwili kwa vipindi vya sekunde. Lakini daftari lilinionyesha nilichokuwa sikioni nikiwa nimesimama ubaoni.

Jumatano hiyo hiyo mvua ilinyesha tangu saa kumi. Uwanja wa kinuni ukawa ziwa. Sisimizi alisimama mlangoni akitazama nje, kisha akakaa. Siku ile miraba ya H ilikuwa 3. Yaani mtoto wangu anaitegemea saa moja na nusu ya jioni kwa kila kitu, na saa hiyo ikinyimwa na mvua, au na mgeni, au na umeme wa katuni, hana kingine. Asubuhi yote, wakati jua ni zuri na mwili wake umeamka, amekabidhiwa kwetu walimu, na sisi tunamwambia kidole mdomoni.

Hapo nikamkumbuka yule binti wa kabati na chupa ya chai.

Nilikwenda kwao, mtaa wa Sofia, Jumamosi. Wanapanga chumba ndani ya ua wenye vyumba vinane, geti la chuma, katikati ni kamba za nguo na ndoo za watu. Mama yuko sokoni, binamu wa miaka 13 ndiye mlezi, na ameagizwa asifungue geti, agizo ambalo ningetoa mimi pia, kwa jinsi pikipiki zinavyopita pale. Watoto wakicheza mpira uani, mama mmoja mpangaji analalamika kuhusu nguo zake. Kwa hiyo binti anakaa ndani, televisheni inaongea. Nilimuuliza anacheza nini nyumbani. Akanionyesha: anapanda kitanda, anaruka hadi kwenye kochi, kutoka kochi anashika ukingo wa kabati. Alinifanyia mara tatu, kila mara akigeuka kuona kama nimekasirika. Miguu ina nguvu, anatua kimya kama paka. Mtoto yule hana kinu. Mahali pekee penye nafasi maishani mwake ni shule, na shuleni mimi ndiye ninayemkalisha.

Watu husema mtoto akiwa nyumbani anacheza vya kutosha, shule ni ya kusoma. Kwa Sisimizi maneno hayo yana ukweli kidogo. Kwa watoto wa kwa mama yangu kule Lumino yana ukweli mwingi. Likizo ya Agosti nilimpeleka huko na daftari lake, nikalitumia siku moja tu, likajaa T na H mpaka nikachoka kuandika. Alibebeshwa kijerikeni cha lita 1 kwenda kisimani na wakubwa, akarudi nusu imemwagika kifuani. Alipewa fimbo ya kufukuza kuku kwenye mihogo iliyoanikwa, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii ambayo kuku wale hawataisahau. Alipanda mpera. Hakuna aliyemwambia afanye mazoezi. Hata Sisimizi mwenyewe angeulizwa angesema amefanya kazi. Lakini kwa mtoto wa ndani ya geti, likizo ndiyo wakati mbaya kuliko wote, kwa kuwa hata ile njia ya kutoka darasani hadi bembea haipo.

Tuliliona hili baada ya kufungwa kwa shule wakati wa korona. Hapa Uganda zilifungwa Machi 2020, na sisi wa nasari hatukufungua hata kidogo hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. (Miaka hiyo niliuza mandazi na mitumba; mshahara wa nasari hutoka kwenye ada, na ada haikuwapo.) Waliporudi, nilipokea watoto wa miaka 5 ambao hawakuwahi kukaa kwenye benchi. Baadhi, wa kutoka vijijini, hawakujua kushika penseli lakini waliruka uzio wetu kwa mkono mmoja. Wengine walikuwa wazito, wanaogopa ngazi mbili za mlangoni, wanataka kushikwa. Tuliwaita wote "waliochelewa" na tukaanza kuwakalisha kwa nguvu mpya, ili kufidia muda. Leo nikikumbuka naona tungetazama miguu yao kwanza.

Yule mwalimu mwanafunzi alinipa jambo moja zaidi kabla hajarudi chuoni. Utafiti mwingine wa akina Pate, wa mwaka 2004, uliwavalisha akselerometa watoto 281 kutoka shule za awali 9, na ukaonyesha kwamba shule anayosoma mtoto ni miongoni mwa mambo yanayoamua anasogea kiasi gani. Nililala na neno hilo. Maana yake kuna kitu mikononi mwetu, hata penye saruji.

Nilianza na uji. Nilimwomba mama wa jikoni aumimine vikombe vya kwanza saa nne kasoro dakika kumi, upoe, na tukagawanya: Bebi, wale wadogo kabisa, na Mido wanakunywa wakati Topu wanacheza, kisha wanabadilishana. Mstari ukafa. Hilo peke yake liliwapa watoto karibu nusu ya mapumziko yao ambayo tulikuwa tunaila bila kujua.

Kisha herufi. Nachora kwa majivu juu ya saruji, herufi kubwa kama mkeka. Nasema "m!" na watoto kumi wanakimbilia m. Nasema "rukeni mpaka a kwa mguu mmoja." Nikimaliza na kumi hao, wanakuwa waamuzi, wanakuja kumi wengine. Yule binti wa Sofia, ambaye nilikuwa nimeandika kwenye ripoti yake kwamba hana makini, alijua herufi zake zote. Alikuwa hajui kuzisema akiwa amekaa.

Na kila baada ya nusu saa hivi, mlango unafunguliwa, tunazunguka darasa mara mbili kama malori, na honi, kisha tunarudi. Dakika tatu.

Upinzani ulikuja kutoka nilikotarajia. Baba mmoja alikuja na mwanawe amechubuka goti, akaniuliza kwa sauti mbele ya wazazi wengine kama analipa ada ili mtoto afundishwe kukimbia. Nilimjibu kwa adabu, nikaosha goti lile tena mbele yake, na nikamwambia mtoto aandike jina lake kwenye vumbi. Akaliandika lote. Baba hakusema kitu, lakini hajamhamisha. Akina mama walilalamika kuhusu soksi. Mkubwa wa shule alinipa barua, akisema uvaaji wa watoto unaharibu sura ya shule, na nikamwomba muhula mmoja tu. Amenipa. Walimu wenzangu wawili bado wanaona napoteza muda wa kusoma, na sijawashinda kwa maneno.

Jambo la wasichana lilinichukua muda mrefu kuliniingia. Sketi yetu ya sare ni nyembamba, na sisi walimu wa kike ndio tunaowaambia wasichana "kaa vizuri". Mvulana akiruka tunasema ana nguvu. Msichana akiruka tunasema nguo yako. Fundi mmoja hapa mtaani amekubali kuzishonea sketi kaptura kwa ndani, shilingi 3,000 kila moja, na mpaka sasa mama tisa wameleta. Wa kwanza alikuwa yule wa nyanya na vitunguu. Aliniuliza mara hii kama nimeshamchapa binti yake. Nikamwita binti aje amwonyeshe anavyoruka kutoka m hadi a. Mama aliweka kikapu chini akatazama mpaka mwisho.

Dereva wetu wa boda nilizungumza naye mwisho. Kuna mahali barabara ya shule inaachana na ile ya malori, penye mwembe, na kutoka hapo mpaka getini ni njia ya vumbi isiyo na gari. Nilimwuliza kama anaweza kuwashushia watoto pale. "Mwalimu, wakiumia ni mimi," akasema, na alikuwa na haki. Tukakubaliana nitakuwa mwembeni kila siku saa moja na dakika kumi, mvua au jua, napokea wa boda yake na za wenzake wawili. Sasa ni watoto 11. Wa mwanzo walishika mkono wangu. Siku ya tatu hakuna aliyeutaka tena. Wana tairi moja mbovu wanaificha nyuma ya mwembe, na sikuwafundisha mimi.

Jana mvua ilikuwa imenyesha usiku. Njia ilikuwa na madimbwi, Sisimizi akaniambia nihesabu. Aliruka mawili, akatua katikati ya la tatu, na baada ya hapo wote 11 waliacha kuruka wakawa wanatua makusudi. Tulipofika getini mlinzi alikuwa ameshaweka beseni la maji na kitambara, akaanza kumvua soksi wa kwanza.